Ugezi wa vihisi vya kielektroniki katika Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya yameandaliwa kwa ajili ya wasindikaji wa maziwa, wenye maghala ya nafaka, wakulima wenye mifumo ya umwagiliaji, mafundi na wanafunzi wa Mbeya, Iringa, Njombe na maeneo jirani wanaotumia vihisi vya kielektroniki kupima joto, uzito, unyevu au mgandamizo wa hewa. Maelekezo mengi yanayokuja ndani ya boksi la kifaa yameandikwa kwa kumfikiria mtu anayeishi karibu na usawa wa bahari, na baadhi yake yakifuatwa huku milimani neno kwa neno, kifaa kilichokuwa sahihi hutoka kikiwa na kosa.

Ugezi ni nini, na una tofauti gani na kurekebisha kifaa?

Ugezi ni kulinganisha usomaji wa kihisi na kielelezo ambacho thamani yake inajulikana, kisha kuandika tofauti iliyoonekana. Kurekebisha ni hatua inayoweza kufuata, yaani kuingiza tofauti hiyo kwenye programu au kugeuza skrubu ya kifaa ili usomaji ukae sawa. Mtu anaweza kufanya ugezi bila kurekebisha chochote, akabandika karatasi pembeni ya kifaa inayosema "ongeza nyuzi 0.4", na kazi ikaenda vizuri kabisa. Anayerekebisha bila kielelezo cha kuaminika, kwa upande mwingine, anahamisha kosa tu kutoka sehemu moja kwenda nyingine, na mara nyingi analiongeza.

Kihisi kipya kilichotoka dukani kina haja ya ugezi?

Inategemea kazi. Kihisi cha joto cha DS18B20 hutengenezwa kwa uvumilivu wa nusu nyuzi juu au chini kati ya nyuzi -10 na 85, wakati DHT11, ambacho wanafunzi wengi huanza nacho kwa sababu ya bei, huweza kupotoka nyuzi 2 nzima. Kwa banda la kuku, nyuzi 2 si tatizo kubwa. Kwa jokofu la chanjo, ambalo linatakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8, kosa la nyuzi 2 linakula theluthi moja ya nafasi yote iliyoruhusiwa. Zaidi ya hapo, vihisi vya DS18B20 vya kuigiza vimejaa sokoni, na kwa macho huwezi kuvitenganisha na vya asili. Kwa hiyo ukinunua vitano, viweke vyote kwenye maji yaleyale kabla ya kuvifunga popote, ujue mapema kipi kinasema tofauti na wenzake.

Kijitabu kinasema nitumbukize kihisi kwenye maji yanayochemka na kukiweka kisome 100. Je, nifanye hivyo nikiwa Mbeya?

Hapana. Hili ndilo kosa la ugezi linaloleta hasara kubwa kuliko yote katika ukanda wetu, na linastahili maelezo marefu.

Maji huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Usawa wa bahari mgandamizo wa kawaida ni hektopaskali 1,013, na hapo maji huchemka kwa nyuzi 100. Kadiri unavyopanda, hewa iliyo juu yako hupungua, na kiwango cha kuchemka hushuka pamoja nayo. Mbeya mjini, penye mwinuko wa takriban mita 1,700, mgandamizo ni karibu hektopaskali 825 na maji huchemka kwa takriban nyuzi 94.3. Njombe, iliyo juu zaidi, ni kama nyuzi 93.5. Kyela, chini kando ya Ziwa Nyasa, ni zaidi kidogo ya 98. Fundi anayesafiri na sufuria yake kutoka Kyela hadi Njombe amebadilisha kielelezo chake kwa karibu nyuzi 5 bila kugusa kitu.

Kwa hiyo tafuta kwanza mwinuko wa mahali ulipo, au vizuri zaidi mgandamizo halisi wa hewa wa wakati huo, ndipo usome kiwango cha kuchemka kwenye jedwali la mvuke, linaloonyesha maji huchemka kwa nyuzi ngapi kwa kila mgandamizo. Mgandamizo wenyewe haukai mahali pamoja kutwa nzima. Katika nchi za joto hupanda hadi karibu saa nne asubuhi na kushuka hadi karibu saa kumi jioni, kwa kiasi cha hektopaskali 3 hivi, jambo linalosogeza kiwango cha kuchemka kwa takriban sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Kwa kazi nyingi za kawaida hilo halina uzito.

Kipimo cha barafu nacho kinabadilika kwa mwinuko?

Hakibadiliki kwa kiasi ambacho kihisi chako kitakiona, na ndiyo maana barafu ni rafiki mkubwa wa fundi wa milimani. Tatizo ni kwamba wengi huiandaa vibaya. Vipande vitatu vya barafu vikielea kwenye glasi ya maji havikupi nyuzi 0. Chini ya glasi maji yanaweza kuwa na nyuzi 3 au 4.

Tengeneza barafu kwa maji safi, ikiwezekana yaliyochujwa kwa mvuke, kwa sababu chumvi hushusha kiwango cha kuganda. Iponde iwe chengachenga, ijaze hadi juu kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, kisha mimina maji baridi kiasi cha kuziba nafasi zilizo kati ya chenga na si zaidi. Barafu inatakiwa kufika hadi chini ya chombo. Ikianza kuelea na kuacha maji matupu chini, mwaga maji na uongeze barafu. Tumbukiza kihisi katikati, kisiguse ukuta wala kitako cha chombo, kizame angalau sentimita kumi kama urefu wake unaruhusu, koroga taratibu, na usubiri hadi usomaji utulie kwa dakika kadhaa. Kihisi kisichokingwa dhidi ya maji kivalishwe kwanza mfuko mwembamba wa plastiki, na katika hali hiyo ongeza muda wa kusubiri.

Nikishapata usomaji wa barafu na wa maji ya kuchemka, ninafanya hesabu gani?

Tuchukue mfano. Kihisi kilichopo Mbeya kinasoma 0.8 kwenye barafu na 93.1 kwenye maji yanayochemka. Thamani halisi ni 0 na 94.3. Kosa la kuanzia ni 0.8, na umbali kati ya nukta mbili ni 92.3 kwenye kihisi wakati kiuhalisia ni 94.3. Gawanya 94.3 kwa 92.3 upate 1.0217. Kuanzia hapo, kila usomaji unatolewa 0.8, kisha unazidishwa kwa 1.0217. Kihisi kikisoma 63, joto halisi ni nyuzi 63.5.

Sasa tazama kinachotokea kwa mtu aliyeamini kwamba maji yake yamechemka kwa nyuzi 100. Yeye atagawanya 100 kwa 92.3 na kupata 1.0834. Siku skrini yake ya kuchemshia maziwa itakapoonyesha 72, ambacho ndicho kiwango kinachotakiwa kwa sekunde 15 ili kuua vijidudu, maziwa yenyewe yatakuwa na nyuzi 68 tu. Kabla ya "ugezi" huo kihisi chake kilikuwa kinakosea kwa chini ya nyuzi moja katika joto hilo. Baada yake kinakosea kwa nyuzi 4, tena upande wa hatari, na mwenye kiwanda ana daftari linaloonyesha kwamba kifaa kimefanyiwa ugezi.

Nukta mbili zinatosha pale tu kihisi kinapokwenda kwa mstari ulionyooka kati yake. Thamista, yaani kihisi cha joto ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika kwa joto, haiendi hivyo, na huhitaji nukta tatu au zaidi pamoja na fomula yake maalumu. Na kama kazi yako yote iko kati ya nyuzi 2 na 8, achana na maji ya kuchemka. Tumia barafu na maji ya nyuzi 10 hivi yaliyopimwa kwa kipimajoto chenye hati.

Kihisi changu cha mgandamizo kinasoma 826, lakini simu inaniambia hali ya hewa ya hapa ni 1,017. Kihisi kimeharibika?

Uwezekano mkubwa ni kwamba kiko sawa. Taarifa za hali ya hewa hutolewa baada ya kubadilishwa kuwa mgandamizo wa usawa wa bahari, ili mtabiri aweze kulinganisha Mbeya na Dar es Salaam kwenye ramani moja. Kihisi kinaeleza hewa inayokigusa. Ukikilazimisha kisome 1,017, utaharibu kila hesabu inayotegemea mgandamizo halisi, ikiwemo ile ya kiwango cha kuchemka na ile ya oksijeni iliyoyeyuka kwenye bwawa la samaki. Maji ya nyuzi 20 usawa wa bahari hushika takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita yakishiba. Kwa mgandamizo wa Mbeya ni kama 7.4 tu. Mfugaji asiyeingiza mwinuko kwenye mita yake ya oksijeni ataamini samaki wake wana hewa ya kutosha kuliko ilivyo.

Kwa nini usomaji unabadilika mchana jua likiwaka na kubadilika tena usiku, hata kama kinachopimwa hakijabadilika?

Kabla ya kulaumu kihisi, pima umeme unaokilisha. Bodi nyingi ndogo hutumia volti za chanzo chake kama kipimo cha kulinganishia. Programu inadhani ina volti 5 kamili, ilhali multimita inaonyesha 4.7 kwa sababu betri ya sola imechoka; usomaji wote wa kihisi cha joto cha aina ya LM35, ambacho hutoa volti kulingana na joto, utakuwa mkubwa kwa zaidi ya asilimia 6. Hakuna ugezi unaotibu hali hiyo, kwa kuwa kosa lenyewe halitulii. Tumia volti ya marejeo iliyo imara, iwe ya ndani ya chipu au ya saketi ya pembeni, kisha ndipo uanze kulinganisha.

Urefu wa waya una athari?

Kwa kihisi cha joto cha Pt100 kilichofungwa kwa waya mbili, sana. Ukinzani wake ni omu 100 kwa nyuzi 0, na huongezeka takriban omu 0.385 kwa kila nyuzi moja. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5 wenye urefu wa mita 10, kwenda na kurudi, huongeza karibu omu 0.7, ambayo kifaa kitaisoma kama nyuzi 1.8 ambazo hazipo. Funga kwa waya tatu au nne. Kama haiwezekani, fanya ugezi waya wote ukiwa umeunganishwa kama utakavyokaa kazini, si mezani kwa kipande kifupi.

Mzani wangu wa kidijitali ulisetiwa kiwandani Ulaya. Bado ni sahihi huku?

Mzani wenye seli ya mzigo, yaani kihisi kinachogeuza nguvu kuwa ishara ya umeme, hupima nguvu ambayo dunia inauvuta mzigo, na nguvu hiyo si sawa kila mahali. Karibu na ikweta ni ndogo kuliko Ulaya, na mlimani ni ndogo kidogo kuliko pwani. Mzani uliosetiwa Ujerumani na kuletwa Mbeya bila kusetiwa upya utasoma gunia la kilo 50 pungufu kwa takriban gramu 160. Uliosetiwa Dar es Salaam utapungua kwa gramu 20 hivi, kiasi ambacho mizani mingi ya sokoni haiwezi hata kukionyesha. Dawa ni kuuseti mahali utakapotumika, kwa mawe ya mzani yenye hati.

Pima pia kwa kuweka jiwe lilelile katikati ya sahani na kwenye pembe zake nne. Pembe zikitofautiana, seli mojawapo au miguu ya mzani ina kasoro, na kuuseti hakutaiondoa. Wapo wanaotumia dumu la maji la lita 20 badala ya mawe. Kwa ukaguzi wa haraka ni sawa, ila dumu la lita 20 likijazwa hadi mdomoni hubeba zaidi ya lita 20, na dumu lenyewe lina uzito wake.

Kama mzani unatumika kununulia au kuuzia mazao, usiufungue wala usiuseti mwenyewe. Mizani ya biashara huhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka, na lakiri yake ikivunjwa mzani huo haupaswi kutumika hadi uhakikiwe tena. Sheria inamlinda mkulima wa viazi ambaye tayari ana lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kiasi, ya kuhangaika nayo. Asiongezewe na mzani.

Mita yangu ya unyevu wa mahindi na ile ya mnunuzi hazikubaliani. Nani yuko sahihi?

Huenda hakuna. Mita hizi hupima tabia ya umeme ya punje kisha hukisia unyevu kwa jedwali lililohifadhiwa ndani, na jedwali hilo ni la zao moja, kwa joto fulani na ujazo fulani wa kikombe. Hakikisheni kwanza kwamba mita zote mbili zimewekwa kwenye mahindi, si ngano au mpunga. Kisha angalieni joto: mahindi yaliyolala ghalani Makambako usiku wa mwezi Julai yana baridi kuliko mita iliyokuwa mfukoni, na mita isiyojirekebishia joto itadanganya. Acheni vyote vikae chumba kimoja hadi vilingane, chukueni sampuli kutoka magunia mbalimbali, changanyeni vizuri, na mpime mara kadhaa kwa kumwaga na kujaza upya.

Mgogoro ukibaki, mwamuzi ni tanuri: sampuli hupimwa uzito, hukaushwa kwa utaratibu maalumu wa maabara, na kupimwa tena. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na nusu asilimia ya kosa karibu na mpaka huo inatosha kukataliwa mzigo wote au, vibaya zaidi, kuruhusu mahindi mabichi kuingia ghalani na kuota ukungu wenye sumukuvu. Njia ya chumvi kavu kwenye chupa ya kioo, ambapo chumvi hung'ang'ania ukutani mahindi yakiwa na unyevu zaidi ya asilimia 15 hivi, ni ukaguzi mzuri shambani lakini haitoshi kusetia mita.

Vihisi vya unyevu wa udongo vinasema shamba limejaa maji ilhali mimea inanyauka. Tatizo ni nini?

Mara nyingi ni aina ya udongo. Jedwali la kiwandani limetengenezwa kwa udongo wa kawaida wa madini, na udongo wa majivu ya volkano wa Rungwe ni mwepesi, wenye mboji nyingi, na hushika maji kwa namna yake. Mengine ya maji hayo mizizi haiwezi kuyavuta, kwa hiyo hata usomaji sahihi hauna maana mpaka ujue kiwango ambacho mimea yako huanza kunyauka.

Fanya ugezi kwa udongo wako mwenyewe. Chukua udongo kwa kopo lenye ujazo unaojulikana, karibu kabisa na kihisi, siku kadhaa tofauti, kuanzia baada ya mvua hadi kiangazi. Upime uzito ukiwa mbichi, ukaushe kwa nyuzi 105 kwa saa 24, upime tena. Uzito wa maji uliopotea kwa gramu, ukigawanywa kwa ujazo wa kopo kwa sentimita za ujazo, ndio unyevu halisi kwa ujazo. Uchore dhidi ya usomaji wa kihisi na utumie mstari utakaopata. Ni kazi ya miezi, si ya siku moja. Na kabla ya yote hakikisha kihisi kimeshikana na udongo bila upenyo wa hewa.

Mita ya pH ifanyiwe ugezi mara ngapi?

Kila siku ya kazi. Tumia myeyusho wa kielelezo wa pH 7 kwanza, kisha wa 4, kwa kuwa udongo wa mashamba yetu ya chai na mengi ya viazi uko upande wa asidi. Wa 10 hautakusaidia. Usirudishe myeyusho uliotumika kwenye chupa yake. Elektrodi ihifadhiwe kwenye myeyusho wa kloridi ya potasiamu, kamwe isiachwe kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke.

Kihisi cha unyevu wa hewa naweza kukikagua nyumbani?

Ndiyo. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko kidogo, idondoshee maji hadi iwe uji mzito bila kuyeyuka yote, kiingize pamoja na kihisi ndani ya kopo lisilopitisha hewa, na uache usiku kucha. Hewa ya ndani itatulia karibu asilimia 75. Joto likiyumba jaribio linaharibika, kwa hiyo katika baridi ya Juni na Julai lifunge kopo kwa blanketi na liweke chumba cha ndani.

Na kipimamvua cha kielektroniki?

Pima kipenyo cha mdomo wake. Kikiwa sentimita 20, milimita 1 ya mvua ni mililita 31.4 za maji, na kikombe kinachopinduka kila milimita 0.2 kinapaswa kupinduka kila mililita 6.3 hivi. Dondosha maji yenye kiasi kinachojulikana polepole kutoka kwenye chupa iliyotobolewa tundu dogo, na uhesabu. Ukimwaga kwa kasi kitahesabu pungufu, kwa sababu maji hupotea wakati kikombe kinapinduka. Ndicho kinachotokea pia katika mvua kubwa za Tukuyu.

Lini kazi ipelekwe maabara, na hati inasomwaje?

Pale matokeo yanapogusa afya, biashara au kesi. Shirika la Viwango Tanzania hutoa huduma ya ugezi, na zipo maabara nyingine zenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, ambayo katika nchi nyingi za kusini mwa Afrika hutolewa na SADCAS, shirika la ithibati la nchi za SADC. Njia nafuu ni kupeleka kipimajoto kimoja kizuri, kisha kukitumia kama kielelezo cha vihisi vyako vyote.

Kwenye hati usitafute neno "kimefaulu" peke yake. Tafuta safu ya masahihisho, inayokuambia uongeze au utoe kiasi gani katika kila kiwango cha joto, na safu ya kutokuwa na uhakika, kwa kawaida ikiwa imeandikwa pamoja na uwezekano wa asilimia 95. Hati ikisema sahihisho ni -0.3 na kutokuwa na uhakika ni 0.2, kipimajoto kikisoma 72.0 joto halisi liko kati ya 71.5 na 71.9. Angalia pia hatua gani za joto zilipimwa: hati ya nyuzi 0 hadi 40 haikuambii lolote kuhusu 72. Rudia ugezi walau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi kifaa kikianguka, kikilowa au kikifunguliwa, na kila mara andika usomaji uliokuwepo kabla ya kugusa chochote, kwa sababu huo ndio utakaokuonyesha kama mazao ya miezi iliyopita yalipimwa sawasawa.